Yasiyolipiwa: jinsi ya kuisoma bima ya ziada ya matibabu kabla hujafika dirishani

"Mtoto wa jicho ni baada ya mwaka mmoja, mama." Tuliambiwa hivyo kwenye dirisha la malipo, mama yangu akiwa tayari amefungwa kile kitepe cha jina mkononi na jicho limetiwa matone ya kupanua mboni. Bima yake ilikuwa na miezi minane. Wakala alikuwa ametuhakikishia kwamba "macho yamo", na hakusema uongo: miwani ilikuwemo, vipimo vilikuwemo, hata matone yale yalilipiwa. Upasuaji wenyewe ulikuwa umetajwa ukurasa wa 19, katikati ya orodha ya henia, bawasiri, mafindofindo na uvimbe wa kizazi, chini ya kichwa ambacho hakikuwa na neno "macho" wala neno "hatulipi". Kiliandikwa "Vipindi vya kusubiri".

Tangu siku hiyo mimi ndiye msomaji wa hati za bima katika ukoo. Mashemeji huniletea, wanachama wenzangu wa chama huniletea, hata jirani aliyenunua juzi huniletea. Na karibu katika kila hati naona jambo lile lile: ukurasa wenye kichwa "Yasiyolipiwa" ndio mkweli kuliko kurasa zote, kwa sababu unasema wazi. Wanaorudishwa dirishani wengi hawarudishwi na ukurasa huo. Wanarudishwa na yasiyolipiwa yaliyokaa kwingine na kuvaa majina mengine.

Mwongozo huu unaihusu Kenya, ambako bima ya binafsi inanunuliwa juu ya ile ya lazima ya serikali. Aliye Tanzania au Uganda atakuta hati zinafanana sana, ila taasisi ni tofauti.

Anza kwa kupata hati yenyewe

Kipeperushi chenye picha ya familia inayocheka si mkataba. Jedwali la kurasa mbili analotuma wakala kwa WhatsApp si mkataba pia. Unachotaka ni vitu vitatu: hati kamili ya bima, jedwali la manufaa lenye jina lako na viwango vyako, na barua au nyongeza yoyote iliyoandikwa kwa ajili yako peke yako. Hiyo ya tatu ndiyo husahaulika. Kama ulitaja shinikizo la damu kwenye fomu, huenda kampuni ilikukubali kwa sharti, na sharti hilo halimo katika hati ya kila mtu. Limo katika ile barua uliyoipokea kwa baruapepe na hukuifungua.

Iombe hati kabla ya kulipa. Wakala akisema itakuja baada ya malipo, mwambie utalipa itakapokuja. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mteja haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa au huduma anayonunua, kwa hiyo huombi upendeleo.

Hati hizi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kama kinakusumbua, soma na mtu wa pili. Sentensi ndefu zaidi ndizo zenye pesa.

Jua bima yako imekaa juu ya nini

Neno "ziada" si pambo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayoendesha ile bima ya lazima ya serikali, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine, na mchango hauwezi kushuka chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Aliyejiajiri hupimwa uwezo wa kaya yake kisha hutakiwa kulipa wa mwaka mzima.

Sasa angalia hati yako ya binafsi. Nyingi zina kifungu kinachosema kwamba kampuni italipa kinachobaki baada ya kutoa sehemu ya SHA. Kisha kuna mkia: kama mwanachama hakujisajili au michango yake haiko hai, sehemu hiyo ataibeba mwenyewe. Hili ni lisilolipiwa kamili, lakini hutalikuta kwenye orodha ya yasiyolipiwa. Utalikuta kwenye masharti ya jumla, pengine kwa mstari mmoja.

Wanaoumizwa zaidi ni wazazi wetu. Mtoto anamnunulia baba bima nzuri ya binafsi, anasahau kwamba baba ni mtu mzima anayetakiwa kuwa na usajili wake mwenyewe wa SHA. Hawezi kuwa mtegemezi wa mwanawe kama alivyo mke au mtoto mdogo. Baba analazwa, kampuni inatoa sehemu ya SHA kwenye hesabu, na SHA yenyewe haipo. Piga *147# kwa simu ya kila mtu aliye kwenye bima, uone kama yuko hai. Fanya hivyo leo, si ukiwa umebeba mgonjwa.

Acha nikuonyeshe kwa tarakimu. Tuseme mke amejifungua kwa upasuaji katika hospitali ya binafsi na bili ni shilingi 195,000. SHA hulipia upasuaji wa kujifungua shilingi 30,000. Bima yako ya ziada ina kikomo cha uzazi cha 120,000. Inabaki 45,000 mfukoni mwako, ingawa kadi imeandikwa "kulazwa: milioni mbili". Kama SHA imelala, inabaki 75,000. Na hapo sijamtaja mtoto. Mtoto amepata manjano, amewekwa chini ya taa siku nne, na bili yake ni 48,000. Katika hati nyingi mtoto mchanga hana kikomo chake mpaka asajiliwe. Kabla ya hapo anakula kwenye kikomo cha uzazi cha mama yake, ambacho kimekwisha. Kwa hiyo, mwenye mimba aulize maswali mawili: mtoto anaanza kulipiwa siku ya ngapi, na nikimsajili kuchelewa nini kitatokea? Aulize mapema, akiwa bado anatembea vizuri.

Soma maana ya maneno kabla ya orodha

Mwanzoni mwa hati kuna kurasa mbili tatu za maana ya maneno ambazo kila mtu huzipita mbio. Rudi nazo polepole. Huko ndiko ugonjwa wako unakobadilishwa jina.

Chukua kifungu cha ugonjwa uliokuwepo kabla. Kwa Kiswahili kingesomeka hivi: "Hali yoyote ya kiafya iliyokuwepo kabla ya tarehe ya kuanza bima, iwe mwanachama aliijua au hakuijua, pamoja na matatizo yatokanayo na hali hiyo."

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni "hakuijua". Hukudanganya popote, hukuwahi kupimwa sukari, lakini daktari akiandika kwenye faili kwamba kisukari hiki kinaonekana kimekuwepo miaka kadhaa, umeshaingia kwenye kifungu. Hati iliyo bora husema "aliyoijua au aliyowahi kutibiwa". Tofauti ya maneno hayo machache ina thamani kuliko punguzo lolote la ada atakalokupa wakala.

Wa pili ni "yatokanayo". Kidonda cha mguu, figo, macho kuona ukungu: vyote vinaweza kuunganishwa na kisukari kile kile. Mtu anadhani amefungiwa dawa za sukari tu, kumbe amefungiwa mwili nusu. Kwa hiyo usiulize "mnalipia kisukari?" Uliza "mwenye kisukari akipata kidonda kinachohitaji kulazwa, mnalipa kutoka kikomo kipi?" Mara nyingi utajibiwa kwamba kuna kikomo kidogo cha maradhi sugu na yaliyokuwepo kabla. Andika namba yake, kwa maana hiyo ndiyo bima yako halisi ikiwa una maradhi hayo. Ile milioni mbili ni ya mtu mwingine.

Neno jingine la kutazama ni "ajali". Hati nyingi hutaka liwe tukio la ghafla, la nje, linaloonekana. Mgongo uliokuuma baada ya kuinua gunia la mahindi unaweza kuhesabiwa kuwa ugonjwa, na ugonjwa una siku za kusubiri ambazo ajali haina.

Geuza vipindi vya kusubiri kuwa tarehe

Hesabu za kawaida sokoni ni kama ifuatavyo, ingawa kila kampuni ina zake: ajali hulipiwa tangu siku ya kwanza, ugonjwa wa kawaida baada ya siku 30, upasuaji usio wa dharura baada ya miezi miwili mitatu au zaidi, uzazi baada ya miezi 10 hadi 12, maradhi yaliyokuwepo kabla baada ya mwaka, saratani baada ya mwaka mmoja au miwili.

Usiziache zikiwa siku na miezi. Chukua kalenda, andika tarehe. Bima iliyoanza 14 Machi yenye mwaka mmoja wa kusubiri haifunguki "mwakani", inafunguka 14 Machi. Halafu angalia linalohesabiwa ni nini: siku ya kujifungua, au siku ya kushika mimba? Kuna hati zinazosema mimba yenyewe ianze baada ya kipindi kwisha. Miezi kumi ya kusubiri kisha miezi tisa ya mimba ni kitu tofauti kabisa na miezi kumi basi.

Kama ulikuwa na bima kazini na umeacha kazi, kuna njia ya kuepuka kuanza upya. Bima za makundi mara nyingi huwa zimesamehewa vipindi hivi, na baadhi ya kampuni hukubali kuhesabu muda uliokaa huko ukileta barua ya uthibitisho na usipoacha pengo. Iombe barua hiyo kabla hujarudisha kitambulisho cha kazi. Ukishatoka, ofisi ya utumishi husahau jina lako haraka.

Orodha yenyewe

Sasa fika ukurasa wenye kichwa chake. Mengi utayatarajia: urembo, dawa za kupunguza unene, matibabu ya ugumba, dawa za mitishamba, vitamini na virutubisho, matibabu yaliyo bado kwenye majaribio, kujijeruhi kwa makusudi. Yapitie tu. Simama kwenye haya.

Pombe. Kifungu hiki huandikwa kwa upana. Aliyegongwa na gari akivuka barabara, na daktari akaandika "ananuka pombe", anaweza kukataliwa hata kama dereva ndiye mwenye kosa. Tafuta kama hati inasema pombe iwe ndiyo *sababu* ya ajali, au iwe imo mwilini tu.

Bodaboda. Kuna hati zinazomkataa aliyeendesha bila leseni, na chache zinazogusa pikipiki kwa jumla. Kama unaipanda kila siku kwenda kazini, uliza kuhusu abiria.

Majeraha ya kazini. Kampuni husema yalipiwe na bima ya mwajiri chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007. Ni sawa, ikiwa mwajiri amekata hiyo bima. Fundi wa jua kali aliyejinunulia bima ya afya peke yake hana mwajiri wa kumwangukia, na kifungu hicho kinaweza kumwacha bila kitu kwa ajali anayoelekea kuipata kuliko zote. Kwake yeye hilo ndilo swali la kwanza kabisa.

Kasoro za kuzaliwa nazo. Tundu kwenye moyo wa mtoto huangukia hapa. Baadhi ya kampuni huweka kikomo kidogo badala ya kukataa moja kwa moja, tafuta namba.

Milipuko ya magonjwa. Korona ilipotangazwa kuingia Kenya tarehe 13 Machi 2020, ndipo wengi walipofungua hati na kukuta magonjwa ya mlipuko yametajwa. Angalia yako inasema nini leo, na ni nani anayetangaza kwamba mlipuko umekuwa mlipuko.

Afya ya akili. Zamani iliachwa nje mara nyingi. Siku hizi imeanza kuingizwa kwa kikomo kidogo. Uliza kama kikomo hicho kinalipia kulazwa, au ni vikao vya ushauri tu.

Meno na macho yana tabia yao. Kung'oa hulipiwa, kuziba hulipiwa, lakini taji, meno ya bandia na vyuma vya kunyoosha kwa kawaida havimo. Fremu ya miwani huwa na kiwango chake, na mara nyingi ni moja kila baada ya miaka miwili.

Yasiyolipiwa kwa sababu ya utaratibu

Kuna madai yanayokataliwa huku ugonjwa wenyewe ukilipiwa kabisa. Ulikwenda hospitali isiyo kwenye orodha yao. Ulimwona daktari bingwa bila rufaa. Ulifanya kipimo cha MRI bila idhini ya awali. Ulilipa mwenyewe ukaleta risiti baada ya siku zilizowekwa kupita. Kila kimoja kina kifungu chake.

Chapisha orodha ya hospitali zao uangalie zilizo karibu na unapolala, si unapofanya kazi pekee. Mtoto huanza kutapika saa nane usiku. Kisha angalia kama orodha ni moja kwa wote. Hospitali kubwa za Nairobi mara nyingi hutengewa wenye viwango vya juu.

Chumba nacho kina mtego. Kama hati inakupa kitanda cha wodi ya kawaida na ukachukua cha peke yako, utalipa tofauti ya kitanda. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba katika hospitali kadhaa ada za madaktari pia hupanda kulingana na chumba. Uliza kaunta ya bima ya hospitali kabla hujakubali kuhamishwa, hata kama wodi imejaa. Ikiwa imejaa, mwombe muuguzi aiandike sababu hiyo.

Kwenye dharura, usisubiri idhini. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa aingie, na wewe upige simu kwa kampuni ndani ya muda ulioandikwa, ambao mara nyingi ni saa 24 au 48. Andika jina la aliyepokea na saa.

Fomu ya maombi

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Wakala akikuambia "usiandike pressure, utapandishiwa ada", ujue yeye atalipwa kamisheni yake mwezi huu na wewe utakataliwa baada ya miaka mitatu. Bima hujengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu. Ukificha jambo la maana, kampuni inaweza kufuta bima yote, si dai hilo tu. Na faili la hospitali husema kila kitu. Daktari anayekuuliza "hii pressure imekuanza lini?" anaandika jibu lako.

Jaza mwenyewe, kwa mkono wako, na ubaki na nakala. Fomu iliyojazwa na wakala ina saini yako, na makosa yake yatakuwa yako.

Uliza kwa maandishi

Maneno ya wakala kwa simu hayana uzito dirishani. Tuma baruapepe kwa kampuni yenyewe, maswali mafupi yenye mfano: "Mama yangu ana miaka 63. Akihitaji upasuaji wa mtoto wa jicho mwezi wa tano wa bima, mtalipa kiasi gani?" Swali la namna hiyo halijibiki kwa "macho yamo". Jibu likija, liweke pamoja na hati. Lisipokuja, hilo nalo ni jibu, na umelipata kabla ya kutoa pesa.

Ukikataliwa

Usibishane na karani wa dirishani. Hana uwezo wa kubadilisha kitu. Omba barua ya kukataa inayotaja namba ya kifungu. Mara kadhaa nimeona ombi hilo peke yake likilegeza mambo, kwa sababu aliyekataa kwa simu hakupata kifungu cha kuandika.

Ukipata barua, soma kifungu hicho neno kwa neno ukikilinganisha na ripoti ya daktari. Kama kifungu kinasomeka kwa namna mbili, kanuni ya mikataba ya bima inasema kisomwe dhidi ya aliyekiandika, yaani kampuni. Kama tatizo ni maneno ya daktari, mwombe aandike ripoti ya kina: ugonjwa ulianza lini kwa ushahidi gani, na kwa nini matibabu yalihitajika. "Chronic", yaani ugonjwa sugu, iliyoandikwa ovyo kwenye karatasi ya kuruhusiwa kutoka inaweza kumgharimu mtu laki mbili.

Peleka malalamiko kwa idara ya malalamiko ya kampuni, kisha kwa IRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini Kenya. Tanzania mlango ni TIRA, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ambatanisha hati, barua ya kukataa, ripoti ya daktari na ile baruapepe ya maswali yako.

Wakati wa kuhuisha

Bima ni ya mwaka mmoja, na kampuni inaweza kuibadilisha kila mwaka. Hati mpya ikija, usiangalie ada tu. Iweke kando ya ile ya zamani, upitie vikomo vidogo, orodha ya hospitali na yasiyolipiwa. Mabadiliko hutumwa kwa mistari michache ndani ya baruapepe ya shukrani.

Na lipa kabla ya tarehe ya mwisho. Pengo la siku chache linaweza kurudisha vipindi vyote vya kusubiri kwenye sifuri. Ya mama ilikuwa inaisha tarehe 30. Nililipa tarehe 12 na kuomba risiti pamoja na barua inayosema bima inaendelea bila kukatika. Mwezi wa kumi na tatu tulirudi kwenye dirisha lile lile, ukurasa wa 19 nimeukunja ndani ya mkoba, na ile barua juu yake. Karani aliangalia skrini, akagonga muhuri, akamwambia mama aende akatiwe matone. Hakuna aliyeuomba ule ukurasa.